Vita ya Milisekunde: Watu Wasio na Majina Waliofanya Simu Yako Igonge Biti kwa Wakati

Msanii anajulikana. Prodyuza naye anajulikana, maana siku hizi jina lake linatajwa mwanzoni kabisa mwa ngoma. Ila kuna watu wengine hawajawahi kutajwa kwenye ngoma yoyote, hawana tiki ya bluu, na pengine hata majirani zao hawajui wanafanya kazi gani. Bila wao, hakuna dogo wa uswahilini Dar ambaye angegusa kioo cha simu na ngoma ikalia muda ule ule.

Kazi yao ilikuwa kupima sauti inachelewa kiasi gani ndani ya mashine. Inaonekana kazi ya kuboa, lakini imechukua zaidi ya miaka 40, ina barua za malalamiko, ina ubishi wa miaka na miaka, na ndani yake kuna somo moja ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaona kama kamba: kuchelewa sio adui mkubwa wa muziki. Adui mkubwa ni kuchelewa kusikotabirika.

Daladala mbili

Sauti yenyewe tu ikiwa hewani inachelewa. Inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Ukisimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, inakufikia baada ya milisekunde 10 hivi. Milisekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara 1,000, yaani kitu kidogo mno. Wapiga gitaa wanasimama mbali na spika zao kila siku na hawalalamiki. Wapiga ogani kwenye makanisa makubwa ya Ulaya wamecheza karne na karne huku mabomba yakiwa mbali na vidole vyao, sauti inarudi imechelewa, na ibada inaenda vizuri tu.

Wanawezaje? Kwa sababu kuchelewa kwao hakubadiliki. Ubongo unazoea, vidole vinaanza kubonyeza mapema kidogo vyenyewe.

Sasa fikiria daladala mbili. Ya kwanza inachelewa dakika 10 kila siku, bila kukosa. Ya pili leo imewahi, kesho inachelewa dakika 3, keshokutwa dakika 40. Ya kwanza utaizoea, utatoka nyumbani dakika 10 baadaye na maisha yanaendelea. Ya pili itakufukuzisha kazi.

Kule kuchelewa kwa kawaida wataalamu wanakuita latensi. Ile tabia ya daladala ya pili wanaiita jita (usichanganye na Wajita wa Musoma). Kwa Kiswahili cha kitaa ni kuyumba. Latensi unaweza kuizoea, jita haizoeleki, kwa sababu hujui ijayo itakuja saa ngapi.

Hata ukipiga simu kwa intaneti hili linatokea. Sauti yako inakatwa vipande, vinatumwa kimoja kimoja, na vinafika bila mpangilio wa muda. Simu ya upande wa pili inafanya nini? Inavihifadhi kidogo kabla ya kuvicheza. Yaani inaongeza kuchelewa kwa makusudi ili vyote vitoke kwa mwendo mmoja. Kanuni inayotumika kubeba sauti ya namna hiyo, RTP, ilipochapishwa mwaka 1996 ilikuja na fomula yake ya kupima jita. Mashine inakubali kuchelewa zaidi ili mradi isiyumbe.

Kompyuta ya polepole iliyoshinda za kasi

Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki kule California, vinanda viwili vya kampuni pinzani, moja ya Marekani na nyingine ya Japani, viliunganishwa kwa waya. Ukibonyeza hiki, kile kinalia. Lugha waliyotumia kuongea inaitwa MIDI, na hadi leo ipo kwenye programu karibu zote za kutengeneza biti.

Ila waya wake ulikuwa mwembamba. Taarifa ya noti moja inachukua karibu milisekunde 1 kupita, na noti zinapita moja moja kama watu kwenye mlango wa mwendokasi. Ukibonyeza noti nyingi kwa pamoja, ya mwisho inafika nyuma ya ya kwanza. Wanamuziki wenye masikio makali walianza kulalamika mapema kwamba midundo inalegea.

Mwaka 1985 ikatoka kompyuta ya Atari ST ikiwa na matundu ya MIDI yaliyojengwa ndani yake. Prosesa yake ilikuwa na kasi ya megahezi 8 tu. Simu ya bei rahisi kuliko zote dukani leo inaiacha mbali sana. Lakini maprodyuza wa Ulaya waliing'ang'ania mpaka miaka ya 1990, hata baada ya kompyuta za kisasa zaidi kujaa madukani. Sababu ni kwamba Atari ilikuwa inafanya kazi moja kwa wakati. Ukiiambia ipige ngoma, inapiga ngoma, haina mambo mengine. Ilikuwa ya polepole lakini haikuyumba.

Kompyuta zilizofuata zilikuwa na nguvu zaidi, ila zilianza kufanya mambo 20 kwa mpigo. Unarekodi, huku mashine inaandika faili, inachora dirisha, inasikiliza mausi. Sauti ikawekwa foleni kama mteja mwingine yeyote. Mwaka 1997 kampuni ya Ujerumani, Steinberg, ilileta ASIO, njia ya mkato inayoiruhusu programu ya muziki kufika kwenye kadi ya sauti bila kusubiri foleni ya mfumo. Studio nyingi zikapumua.

Waliokuwa kwenye Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, walikuwa bado wanateseka.

Grafu zilizoanzisha ubishi

Mwaka 1999 mwanaprogramu mmoja wa muziki aliamua kuacha kulalamika na kuanza kupima. Alitengeneza jaribio dogo: cheza sauti, halafu huku sauti inaendelea, ibebeshe kompyuta mizigo. Nakili mafaili makubwa, chora vitu kwenye skrini, isumbue diski. Kila kipande cha sauti kilichochelewa kikawekwa kwenye grafu.

Grafu zile zilimaliza ubishi wa "kwangu mbona iko poa". Mashine ikiwa imetulia kila kitu kilionekana safi. Ikibebeshwa mzigo, milima ikaota kwenye mchoro. Mwaka 2000 watengenezaji wa programu za sauti waliandika barua ya wazi ya pamoja kwa mwanzilishi wa Linux wakiomba tatizo lishughulikiwe. Marekebisho tayari yalikuwepo na yalikuwa yanasaidia, ila hayakuingizwa kama yalivyo. Yalikuwa viraka vilivyotawanyika sehemu nyingi, na wasimamizi wa mfumo walihofia nani atavitunza miaka ijayo.

Ikabidi itafutwe njia safi zaidi. Sehemu ya kwanza iliingia mwaka 2002, ikawafikia watu wa kawaida kupitia Linux 2.6, Desemba 2003. Mwaka 2004 ikaanza kazi kubwa zaidi ya kuufanya mfumo mzima uheshimu muda. Ile kazi ilikuja kuingizwa rasmi kwenye Linux kuu mwaka 2024. Ndiyo, miaka 20. Watoto waliozaliwa ilipoanza walikuwa tayari wanapiga kura.

Kwa nini miaka yote hiyo? Sehemu kubwa ya jibu ni ukaguzi.

Maswali ya mkaguzi mkorofi

Kwenye programu za namna hii hakuna anayeingiza kodi yake moja kwa moja (kodi za programu, sio zile za TRA). Unaandika badiliko lako, unalituma, halafu mtu mwingine analisoma mstari kwa mstari. Mara nyingi hamjawahi kuonana. Hana haraka na hana aibu ya kukuuliza maswali.

Tuseme kijana mmoja ametuma badiliko linalopima jita ya sauti. Mfumo unapohitaji kipande kipya cha sauti unaiita programu. Kodi yake inarekodi imeitwa saa ngapi, inatoa muda wa mara iliyopita, na mwisho inaandika wastani. Mistari 40 hivi, safi, inafanya kazi. Mkaguzi anaisoma na kuanza.

Swali la kwanza: umetumia saa gani? Saa ya kawaida ya simu, ile unayoiona juu ya kioo, inaweza kurekebishwa na mtandao wakati wowote. Ikirudishwa nyuma katikati ya kipimo, kipande cha sauti kitaonekana kimefika kabla hakijaondoka. Inatakiwa saa ya ndani ambayo inaenda mbele tu.

Swali la pili: kipimo chako chenyewe hakisababishi tatizo? Kama kila mara unaandika matokeo kwenye faili hapo hapo kwenye njia ya sauti, kuna siku faili litakawia, sauti itakwama, na utakuwa umepima kelele yako mwenyewe. Namba ziwekwe kwenye nafasi iliyoandaliwa mapema, na kazi ya kuandika ifanywe pembeni.

Swali la tatu: umepimia wapi? Kujua programu imeitwa saa ngapi hakukuambii sauti imetoka kwenye spika saa ngapi. Katikati hapo kuna safari nyingine.

Swali la nne: ulikuwa unafanya nini wakati unapima? Kupima mashine iliyolala ni sawa na kupima foleni ya Ubungo saa tisa usiku.

Halafu linakuja swali la tano, lile linalouma: kwa nini umetoa wastani?

Chukua simu mbili za kufikirika. Ya kwanza inachelewa milisekunde 40 kila mara. Ya pili mara nyingi inachelewa milisekunde 15, halafu mara moja moja inaruka hadi 90. Kwa wastani ya pili ndiyo mshindi. Ukimpa mpiga ngoma, ya pili ataitupa chini. Wastani umechukua yale maruko na kuyazika ndani ya namba nzuri.

Hesabu nyingine rahisi. Simu nyingi zinacheza sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde. Zikigawiwa kwenye vipande vya sampuli 256, kila kipande kina milisekunde 5.3 hivi, na kila sekunde vinahitajika vipande zaidi ya 187. Ukisema "asilimia 99 vimefika kwa wakati", darasani hiyo ni A. Kwenye sauti, asilimia 1 iliyobaki ni karibu vipande viwili kila sekunde. Ngoma nzima itakuwa na kwikwi.

Kwa hiyo mkaguzi anataka aone kilichochelewa kuliko vyote, na mtawanyiko wa vipimo vyote. Programu maarufu ya kupima Linux, cyclictest, imejengwa kwa fikra hiyo hiyo. Inajiwekea alamu, inalala, ikiamka inaangalia imechelewa kiasi gani, inarudia tena na tena, na inaonyesha kiwango cha chini, wastani, na kile kibaya kuliko vyote. Watu wanaojua kazi wanaangalia hicho cha mwisho kwanza.

Aliyetuma kodi mara nyingi anakasirika. Ametumia wikiendi nzima, anarudishiwa maswali matano. Lakini kipimo kibovu ni hatari kuliko kukosa kipimo. Ukikosa kipimo unajua hujui. Kipimo kibovu kinakuambia tatizo limeisha, watu wanaondoka, na mtumiaji anabaki na kwikwi zake bila wa kumsikiliza.

Vita inahamia mfukoni

Simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008, na ndani yake kulikuwa na Linux ile ile. Mwaka uliofuata malalamiko ya sauti kuchelewa yalikuwa tayari yameandikwa rasmi kwa watengenezaji. Yalikaa wazi miaka mingi, watu wakizidi kujazana hapo, wengine kwa hasira, wengine kwa utani.

Upande wa pili Apple walileta GarageBand kwenye iPad mwaka 2011, studio nzima kwenye kioo. Kwenye Android haijawahi kuja. Watengenezaji wengi wa programu za muziki walianzia kwa Apple, wengine wakaishia huko huko. Kwa dogo wa Dar, Nairobi au Bujumbura mwenye simu ya Android, hili halikuwa jambo la kitaalamu. Ilikuwa ni kuambiwa kwamba studio ya mfukoni ni ya wenye hela.

Tatizo lilikuwa na tabaka. Android ilikuwa inachanganya sauti zote pamoja kabla ya kuzitoa, inabadilisha viwango vyake, inatumia mabafa makubwa ya kuhifadhi, na kila kampuni ya simu iliweka vitu vyake chini. Mwaka 2012, Android 4.1 ilifungua njia ya haraka kwa programu zinazofuata masharti. Mwaka 2015, Android 6 ikaweka alama maalumu ya simu za kazi ya sauti: safari kutoka maikrofoni hadi spika isizidi milisekunde 20. Mwaka 2017, Android 8 ikaja na njia mpya kabisa inayoitwa AAudio.

Walipimaje? Hapa maswali ya mkaguzi yanarudi. Ukiiuliza simu yenyewe inachelewa kiasi gani, jibu lake halikuwa la kuaminika. Kwa hiyo watu wa Google walitumia kiplagi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la hedfoni. Kinachukua sauti inayotoka na kuirudisha moja kwa moja kwenye maikrofoni. Simu inapiga mlio, inasubiri mlio urudi, inahesabu. Hakuna kuulizana, waya ndio shahidi. Baadaye masharti ya Android yakaanza kutaka safari hiyo ipimwe mara 5, na mtawanyiko wa vipimo nao usizidi kiwango. Jita ikaingia kwenye sheria.

Kuna ugunduzi mwingine unaochekesha. Simu inapoona kazi ni nyepesi inapunguza kasi ya prosesa ili kuokoa chaji. Kazi ikiongezeka ghafla, inachelewa kuamka na sauti inakwama. Basi Oboe, maktaba huria ya sauti iliyotoka Google mwaka 2018, ikaja kuwa na kipande kinachoipa prosesa kazi za uongo ili isisinzie. Ni kama konda anayegonga bati muda wote ili dereva asilale.

Singeli haina huruma

Mwaka 2021 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android zinazotumika zaidi, wastani wa sauti kuchelewa ulishuka kutoka milisekunde 109 mwaka 2017 hadi 39.

Pima hiyo kwa singeli. Ngoma ya midundo 240 kwa dakika inaacha milisekunde 250 kati ya mdundo na mdundo. Ukigawa mdundo mmoja mara nne, kama singeli inavyopenda, kila nafasi ina milisekunde 62.5. Ukichelewa 109, sauti yako imeruka nafasi yake na kutua ndani ya inayofuata. Unagonga hapa, inalia kule. Ukichelewa 39, bado uko ndani ya nafasi yako. Kwa muziki wa taratibu tofauti hiyo ni ya raha tu. Kwa singeli ni tofauti kati ya kucheza na kutocheza kabisa.

Lakini aliyefika mpaka hapa ameshashtuka: 39 ni wastani. Ndani yake kuna simu kali za bei mbaya zinazoshusha namba, na simu za bei ya kawaida zinazoipandisha. Mkaguzi mkorofi angeuliza lile swali lake la tano, na angekuwa na haki. Mwenye simu ya laki mbili haishi ndani ya wastani, anaishi na simu yake.

Mpaka ipimwe simu aliyonayo mkononi, yapo anayoweza kufanya. Earphone za Bluetooth mara nyingi zinaongeza zaidi ya milisekunde 100 peke yake, kwa hiyo ukitaka kugonga biti rudi kwenye za waya. Zima hali ya kuokoa chaji. Funga programu nyingine. Na kama programu yako ya muziki ina sehemu ya kuchagua ukubwa wa bafa, usikimbilie ndogo kuliko zote. Panda kidogo kidogo mpaka kwikwi ziishe, hata kama sauti itachelewa kidogo zaidi. Vidole vitazoea.

Wale waliopima hawatatajwa mwanzoni mwa ngoma, na wengi hawajali. Ila kila sauti inapotoka pale ulipogonga, kuna mtu alituma kodi, na kuna mwingine aliyeikataa mara tatu kabla ya kuikubali.

Simu yako ni gani, na ukigonga biti inalia palepale au inakuzingua? Dondosha komenti, taja modeli, na ukiweza sema pale ilipochelewa zaidi. Wastani baki nao.